VIATU VYA NGOZI: TWAHARA YAKE NA HAKI YA MNYAMA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, aliyeumba wanyama akatujaalia kwao chakula na kipando na vazi. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye hakuacha jambo letu, kubwa wala dogo, hata kuvaa kiatu na kukivua, illa ametufundisha adabu yake. Na ziwashukie jamaa zake na masahaba wake wote.

Amma baad. Ametujia ndugu yetu mmoja katika watu wa pwani, naye amejaa huzuni, akatueleza habari yake. Alinunua viatu vilivyotoka ng'ambo, akavivaa muda wa miaka miwili, akienda navyo sokoni na msikitini. Siku moja, baada ya sala ya alasiri, mtu mmoja alikiokota kiatu chake kimoja mlangoni pa msikiti, akakipindua, akatazama bitana yake, kisha akasema mbele ya watu ya kuwa ile ni ngozi ya nguruwe, na ya kuwa sala zote za mwenye kiatu hicho zimebatilika. Ndugu yetu akaona haya, akaviacha viatu pale pale, akarudi kwake miguu mitupu. Tangu siku hiyo kila usiku anahesabu sala za miaka miwili, hajui aanzie wapi kuzilipa. Basi anauliza: Je, sala zangu zimeharibika? Na je, ngozi zitokazo katika nchi za watu wasiochinja kwa kumtaja Mwenyiezi Mungu, zafaa kuvaliwa?

Tumeona suali hili si la mtu mmoja, bali ni la wengi wanaolificha kwa haya. Kwa hivyo tumeona ni wajibu kulijibu kwa kituo, kwa madhehebu ya Imam Shafii (r.a.), ndiyo madhehebu ya wengi wa watu wa pwani yetu. Na tumeongeza juu yake suali jingine ambalo muulizaji hakuliuliza, wala yule aliyemfedhehi hakulifikiri, nalo ni hili: mnyama mwenye ngozi hiyo alitendwaje? Kwani twahara ya ngozi ni jambo moja, na haki ya mwenye ngozi ni jambo la pili. Na mtu aweza kuwa na kiatu kilicho twahara kwa sharia, naye ana deni nacho mbele ya Mola wake.

FASILI YA KWANZA: Asili ya kuvaa ngozi ni halali

Jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa ngozi ni katika neema za Mwenyiezi Mungu. Katika Sura ya An-Nahl ametukumbusha kwamba wanyama wa kufuga tunapata kwao joto na manufaa mengine na chakula. Na mbele katika sura hiyo hiyo ametaja mahema ya ngozi yaliyo mepesi kuchukuliwa siku ya safari na siku ya kutua. Na Mtume wetu (s.a.w.) alivaa viatu vya ngozi. Imepokewa kwa Anas (r.a.) ya kuwa ndara zake zilikuwa na gidamu mbili. Na Ibn Umar (r.a.) alikuwa akivaa ndara za ngozi iliyotengenezwa na kuondolewa manyoya, na alipoulizwa sababu yake alijibu kwamba alimwona Mtume akizivaa za namna hiyo. Na Bibi Aisha (r.a.) ametueleza ya kuwa Mtume alipokuwa nyumbani alikuwa akishona viatu vyake kwa mkono wake mwenyewe. Basi na asidharauliwe fundi wa makubadhi aketiye barazani na sindano yake, kwani kazi hiyo aliifanya aliye bora wa viumbe.

Tena ngozi imeingia hata katika ibada. Khuffu, yaani viatu vya ngozi vinavyofunika mguu mpaka kupita vifundo, mtu akivivaa naye ana udhu kamili, aweza kupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu. Mkaazi wa mji kwa mchana mmoja na usiku wake, na msafiri kwa siku tatu na usiku wake.

Wako watu leo wasemao kwamba huruma ya kweli ni mtu asivae ngozi kabisa. Nasi twajibu: huruma ni katika dini yetu, na katika fasili ya nne utaona wajibu wake, lakini kukiharimisha alichokihalalisha Mwenyiezi Mungu si huruma. Imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.) ya kuwa mjakazi mmoja aliyeachwa huru na Bibi Maimuna (r.a.) alipewa kondoo wa sadaka, kondoo yule akafa. Mtume akapita, akawauliza kwa nini hawakuitwaa ngozi yake wakaitengeneza wakanufaika nayo. Wakasema kwamba huyo ni nyamafu. Akawajulisha kwamba kilichoharimishwa ni kumla. Tazama, basi: Mtume hakupenda hata ngozi ya mzoga ipotee bure. Mnyama ambaye nyama yake imekwisha kuliwa, kuitupa ngozi yake jaani si kumhurumia, bali ni kuipoteza neema.

FASILI YA PILI: Ngozi iliyo twahara na iliyo najisi

Ngozi katika madhehebu yetu ni namna nne.

Ya kwanza ni ngozi ya mnyama aliwaye, kama ng'ombe na mbuzi na kondoo na ngamia, aliyechinjwa kwa sharia. Hii ni twahara hata kabla ya kutengenezwa.

Ya pili ni ngozi ya mnyama aliwaye, lakini amekufa mwenyewe au ameuawa pasipo kuchinjwa kisharia. Hii ni najisi mpaka idabaghiwe, nayo ikidabaghiwa hutwahirika nje na ndani.

Ya tatu ni ngozi ya mnyama asiyeliwa, kama punda na chui na mamba. Huyu hata akichinjwa, kuchinjwa kwake hakuitwahirishi ngozi yake. Ikidabaghiwa ndipo hutwahirika.

Ya nne ni ngozi ya mbwa na ya nguruwe, na ya mnyama aliyezaliwa na mmoja wao. Hii haitwahiriki kabisa, hata ikidabaghiwa mara mia.

Na maimamu wengine wana kauli zao. Imam Abu Hanifa (r.a.) amesema ngozi ya mbwa nayo hutwahirika kwa kudabaghiwa, lakini ya nguruwe la. Na kauli iliyo mashuhuri kwa Imam Malik na Imam Ahmad (r.a.) ni kwamba ngozi ya nyamafu haitwahiriki kwa kudabaghiwa. Wote hao wametegemea hadithi, wala hakusema mmoja wao kwa matamanio ya nafsi yake. Basi usimkejeli mwenzio afuataye imamu mwingine.

Ukiuliza: Kudabaghi ni nini? Jawabu yake: ni kuitia ngozi kitu kikali kinachoondoa majimaji na mabaki ya nyama na damu ambayo ndiyo yanayoiozesha. Wanavyuoni wa zamani wametaja shabu, na maganda ya komamanga, na makokwa ya mti ulio katika jamii ya migunga. Na alama ya ngozi iliyodabaghiwa ni hii: ukiirowesha katika maji hairudii kuoza wala kunuka. Ama kuianika juani, au kuizika mchangani, au kuipaka chumvi peke yake, hakutoshi. Kwani ngozi hiyo hukauka tu, nayo ikipata maji hurudia uvundo wake. Basi na azingatie haya fundi anunuaye ngozi iliyowambwa juani na kutiwa chumvi. Ikiwa ni ya ng'ombe aliyechinjwa kisharia, hapana neno, ni twahara tangu mwanzo. Na ikiwa ni ya ng'ombe aliyekufa kwa ukame au maradhi, haijatwahirika bado, na mwenye kuishonea makubadhi akayauza pasipo kueleza amewadanganya Waislamu.

Kwetu pwani watu walijua tangu zamani magome ya mikoko na mikandaa, ambayo ukali wake hukaza ngozi na kuipa rangi nyekundu. Nayo yakatwaa nafasi ya yale yaliyotajwa vitabuni, kwani kinachotakiwa ni ukali uondoao uozo, si mti fulani. Leo ngozi nyingi za dunia hutengenezwa viwandani kwa chumvi za madini ya kromu, njia iliyoanza katika karne ya 19. Nayo huifanya kwa muda mfupi kazi ambayo magome huifanya kwa majuma na miezi. Ngozi hiyo ikiroweshwa haiozi, kwa hivyo alama ya kudabaghiwa imepatikana.

Yamebaki mambo mawili. La kwanza, ngozi ya nyamafu baada ya kudabaghiwa huwa kama nguo iliyopatwa na najisi, hutakiwa ioshwe kwa maji safi. Na ngozi za viwandani hupitishwa maji mengi baada ya dawa. La pili, manyoya ya nyamafu hayatwahiriki kwa kudabaghi, kwani dawa haifanyi kazi katika manyoya kama ifanyavyo katika ngozi, illa machache yaliyobakia husamehewa.

Kwa haya umejua jawabu ya suali la pili la ndugu yetu. Kiatu kilichotoka nchi yo yote, ikiwa ngozi yake ni ya ng'ombe au mbuzi au kondoo nayo imedabaghiwa, ni twahara, awe mchinjaji wake ni nani na amechinja kwa njia gani. Ama nyama yake ni hukumu nyingine. Usichanganye hukumu ya mguu na hukumu ya kinywa.

FASILI YA TATU: Ngozi ya nguruwe, na hukumu ya shaka

Ngozi ya nguruwe haivaliki katika madhehebu yetu. Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, amesema katika Minhaj ya kuwa nguo iliyopatwa na najisi yaruhusika kuvaliwa nje ya sala, lakini ngozi ya mbwa au nguruwe haivaliwi illa kwa dharura. Na ijulikane ya kuwa ngozi hii inatumika sana katika viatu vya leo, hasa kwa bitana, na kwa ngozi zilizoparuzwa hata zikawa laini kama mahameli. Maandishi yasemayo kwamba kiatu ni cha ngozi halisi hayakwambii ni ngozi ya mnyama gani.

Alama yake mashuhuri ni vitundu vya manyoya. Nguruwe manyoya yake huota matatu matatu, basi ukitazama uso wa ngozi utaona vitundu vitatu vilivyokaribiana kama mafiga, kisha nafasi, kisha vitatu vingine. Ngozi ya ng'ombe vitundu vyake ni vidogo na vimetawanyika vyote sawasawa. Lakini alama hii haionekani katika ngozi iliyoparuzwa, na ngozi iliyopigwa chapa hugeuzwa sura yake. Kwa hivyo mtu asikate hukumu kwa mtazamo mmoja mlangoni pa msikiti.

Mtu akiwa na yakini, na aviache viatu hivyo. Na mguu wake ukivigusa hali mmoja wapo una majimaji, kama jasho au maji ya udhu, hupata najisi nzito, na kuutwahirisha ni kuuosha mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Ijapokuwa Imam Nawawi katika Majmuu ameona ya kuwa katika nguruwe, kwa upande wa dalili, lenye nguvu ni kuosha mara moja. Ama kikavu kikigusa kikavu, najisi haihami.

Na mtu akiwa na shaka tu, basi asili ya vitu ni twahara, wala halazimiki kupekua. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik ya kuwa Sayidna Umar (r.a.) alikuwa safarini pamoja na Amr bin al-As (r.a.), wakafika penye birika, Amr akamwuliza mwenye birika kama wanyama wakali huja kunywa hapo, na Umar akamkataza mwenye birika asiwape habari hiyo. Na Sheikh Zainuddin wa Malabar, ambaye kitabu chake Fat-hul Muin husomwa sana katika darasa za pwani, ametaja nguo za sufu zilizovuma kwamba hutiwa shahamu ya nguruwe, na jibini ya Sham iliyovuma kwamba hugandishwa kwa kitu cha nguruwe, na hukumu yake ni kwamba uvumi peke yake haunajisishi. Basi neno la mtu mmoja lisilo dalili ni uvumi, hata akilisema kwa sauti kubwa.

Sasa twarejea kwa ndugu yetu. Ewe ndugu, viatu vyako ulivivua mlangoni, ukaingia msikitini kwa miguu yako, hukusali navyo. Huna yakini ya kuwa vilikuwa vya nguruwe; na hata vingekuwa hivyo, huna yakini ni siku gani mguu wako ulikuwa na majimaji ukavigusa, nawe hukuuosha. Sala uliyoisali kwa udhu na twahara kama ulivyojijua haibatiliki kwa shaka iliyokuja nyuma yake. Basi lala usingizi wako, wala usihesabu sala za miaka miwili. Na mwenye kupata yakini kamili ya kuwa sala fulani aliisali na najisi asiyoijua, kauli itegemewayo katika madhehebu ni airudie. Na Imam Nawawi ameona dalili ya kauli ya zamani, isemayo kwamba hairudii, ina nguvu zaidi. Na dalili yenyewe ni katika viatu: Mtume alikuwa akisalisha, akavivua viatu vyake katikati ya sala, na masahaba wakavivua vyao. Baada ya sala akawaeleza ya kuwa Jibrili alimjulisha kwamba vina uchafu. Alivivua akaendelea, hakuianza sala upya.

Na wewe uliyekiokota kiatu cha mwenzio ukamfedhehi mbele ya watu: kama ulikuwa na yakini, ilikuwa wajibu wako umshike mkono umweleze pembeni. Na kama hukuwa nayo, umeivunja heshima ya Muislamu kwa dhana, na heshima yake ni nzito kuliko bitana ya kiatu. Nenda kamtake radhi.

FASILI YA NNE: Haki ya mnyama

Hapa, ndugu zangu, ndipo penye jambo tunalolighafilika. Kiatu tunakipindua kutazama kama ni cha nguruwe, nasi twafanya vyema. Lakini ng'ombe tumwonaye kila juma, amefungwa miguu juu ya gari katika jua kali, hana maji, mkia wake umepindwa hata ukavunjika ili ainuke, hakuna amuulizaye habari yake mlangoni pa msikiti. Kudabaghi huondoa uvundo wa ngozi; dhulma haidabaghiwi.

Sharia yetu imempa mnyama haki zinazodaiwa. Katika fikihi ya Shafii, mwenye mnyama analazimika kumpa malisho na maji. Na akikataa, kadhi humlazimisha kumlisha au kumwuza, au kumchinja kama ni wa kuliwa. Na Sheikh Izzuddin bin Abdussalaam, aliyekufa mwaka 660 wa Hijra, naye ni katika wakuu wa madhehebu yetu, amezihesabu haki za mnyama juu ya mwanadamu: kumtunza hata akizeeka au akiugua akawa hana faida tena, kutomtwika asiloliweza, kutomweka pamoja na mnyama wa kumdhuru, kumchinja kwa uzuri, kutomchuna ngozi wala kumvunja mifupa mpaka roho imetoka na mwili umepoa, na kutomchinja mtoto wake mbele ya macho yake. Tazama katika hizo haki ya ngozi yenyewe: hata baada ya kisu kupita, ngozi si yako bado, mpaka mwenyewe amekwisha kuondoka nayo. Ni wachinjaji wangapi wanaoanza kuchuna hali mnyama angali akitikisika, kwa haraka ya soko?

Na Mtume ametuamrisha wema katika kila kitu, hata katika kuua. Kisu kinolewe na mnyama arehemeshwe. Akamkataza mtu kunoa kisu mbele ya mnyama aliyemlaza. Na ametupa habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia hata akafa kwa njaa. Na mkabala wake ametupa habari za mtu aliyeshuka kisimani akanywa, kisha akamwona mbwa alambaye udongo kwa kiu. Akashuka tena, akakijaza khuffu chake maji, akakishika kwa meno akapanda, akamnywesha, na Mwenyiezi Mungu akamsamehe kwa hilo. Ngoja hapa kidogo, ewe msomaji. Kiatu kile ni cha ngozi ya mnyama, na mbwa yule ni yule yule ambaye fasili ya pili imetwambia ngozi yake haitwahiriki. Yule mtu hakusema, huyu ni najisi. Hukumu ya twahara haikuiondoa haki ya huruma. Basi kiatu cha ngozi kilimpatia mtu maghufira, si kwa uzuri wa ngozi yake, bali kwa alivyokitumia.

Na liko jambo la wakati wetu. Imetajwa katika Majmuu ya kuwa katika madhehebu yetu haijuzu kumchinja mnyama asiyeliwa kwa ajili ya kuitwaa ngozi yake. Imam Abu Hanifa ndiye aliyeruhusu. Na Fat-hul Muin imeharimisha kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha, kama punda aliyeshikwa na ugonjwa usiopona. Basi afahamu hayo kila amiliki punda, hasa watu wa Lamu, ambao punda ndio wachukuzi wao katika vichochoro vya mji. Tangu mwaka 2016 yalifunguliwa Kenya machinjio ya punda, na ngozi zao zikapelekwa Uchina kuchemshwa zikawa gundi ya kutilia dawa. Wizi wa punda ukazidi, na watu maskini wakaamka asubuhi wakakuta kamba tupu. Serikali ya Kenya ikakataza uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikalitangua katazo hilo mwaka 2021, na mwezi wa Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakaafikiana kuizuia biashara ya ngozi za punda katika bara lote. Lakini Muislamu wa madhehebu yetu hakuwa na haja ya kungoja mkutano. Vitabu vyake vilimwambia zamani. Ngozi ya punda aliyekufa mwenyewe, akaidabaghi, ni halali yake. Punda aliye hai, kumwua ili achunwe, si halali yake.

FASILI YA TANO: Haki ya watu

Na ngozi ina haki ya watu pia. Mtu akivaa khuffu cha wizi akapaka maji juu yake, udhu wake wasihi katika kauli iliyo sahihi kwetu, na dhambi ya wizi iko juu yake vile vile. Hapa waona wazi ya kuwa usahihi wa ibada na usafi wa dhima ni mambo mawili. Basi mnunuzi wa ngozi asinunue kwa mtu ajaye usiku na ngozi isiyo na alama, akasema, mimi sikuiba.

Na katika Idi ya Mfunguo Tatu, ngozi ya udhuhia haiuzwi na mwenyewe, wala hapewi mchinjaji kuwa ujira wake. Mtume alimwamrisha Sayidna Ali (r.a.) atoe sadaka nyama na ngozi za ngamia wake wa Hija, wala asimpe mchinjaji cho chote katika hizo kuwa ni ujira. Mlipe mchinjaji fedha yake kutoka mfukoni mwako. Na ngozi, ama itumie mwenyewe, ama mpe maskini. Wala usiiache ikaoza jaani, kama tuonavyo katika miji yetu.

Na mwenye kiwanda cha kudabaghi, maji yatokayo kwake yana dawa na uozo. Akiyamwaga mtoni au karibu na kisima, amewadhuru wanaokunywa na wanaovua. Na katika dini yetu hapana kudhuru wala kulipizana madhara. Hawezi mtu kuitwahirisha ngozi kwa kuwanajisishia watu maji yao.

Mwisho wa haki hizi ni kuvaa pasipo kiburi. Mtume amekataza kutandika na kupandia ngozi za wanyama wakali, kama chui. Wako wanavyuoni waliosema sababu yake ni manyoya yasiyotwahirika, na wako waliosema ni kwa kuwa ni mapambo ya wenye kujikweza. Basi anunuaye viatu vya mamba au chatu kwa bei ya kulisha nyumba mwezi mzima, ili watu wamtazame miguu, na akumbuke ya kuwa ngozi hiyo, hata ikiwa twahara, imevaliwa na moyo usio twahara.

KHATIMA

Basi yaliyo juu yako, ewe ndugu yangu, ni haya. Ununuapo kiatu, uliza ni ngozi ya mnyama gani. Ukijibiwa kwa uaminifu, yakutosha, wala usijitie wasiwasi. Ikiwa ni fundi, jua ngozi yako imetoka wapi na imedabaghiwa kwa nini, na mweleze mnunuzi kweli. Ikiwa ni mchinjaji, nowa kisu chako, na ngoja roho itoke kabla ya kuchuna. Ikiwa ni mfugaji au mwenye punda, mpe maji kabla hujaketi kunywa. Na ukimwona mwenzio amekosea, mweleze kwa siri.

Kisha vaa kiatu chako kwa kuanza mguu wa kulia, na uvuapo anza wa kushoto, wala usitembee na kimoja. Na kila uinamapo kukifunga, kumbuka ya kuwa umevaa kitu kilichokuwa na roho. Kilikula, kikanywa, kikaogopa, kikamjua Mola wake kwa namna isiyojulikana nasi. Mwenyiezi Mungu amekiweka chini ya mguu wako ili umshukuru, si ili umsahau.

Twamwomba Mwenyiezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na viwiliwili vilivyo twahara, na nyoyo zenye huruma kwa kila kiumbe chake; na asitufanye katika wale waoshao miguu yao mara saba, na mikono yao imejaa dhulma. Wallahu aalam. Amin.